Nani Anasimulia?

Mtunzi wa riwaya akikwama, watu wa karibu humhurumia kama mtu aliyefilisika. Humshauri apumzike, asafiri, asome zaidi. Kumbe mara nyingi hajapungukiwa na visa. Wahusika wake anawajua hadi majina ya watoto wao, na mtaa wao anaweza kuutembea gizani. Anachokosa ni mtu wa kusimulia. Hadithi yake ni jahazi lililopwelewa: shehena imo, tanga limo, maji hakuna.

Gabriel García Márquez alianza kuhangaika na riwaya ya nyumba ya utotoni mwake, Aracataca nchini Kolombia, akiwa bado kijana. Aliandika, akaacha. Vitabu vingine vikatoka, lakini hicho kikaendelea kumkatalia kwa miaka mingi. Mwaka 1965, akiwa njiani kwenda Acapulco, Meksiko, sauti ikamjia: asimulie kama bibi yake Tranquilina alivyomsimulia, maajabu yote bila kupepesa jicho, bila kuapa kwamba ni kweli. Alijifungia akaandika kwa takriban miezi 18, na mwaka 1967 riwaya hiyo, Cien años de soledad, ikachapishwa Buenos Aires. Nyumba ilikuwa ile ile. Ulimi ndio uliokuwa mpya.

Ngũgĩ wa Thiong'o alibanwa kwa namna nyingine. Mwishoni mwa 1977 aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa, baada ya mchezo wake wa Ngaahika Ndeenda kuigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Katika gereza la Kamiti aliamua kuandika riwaya kwa Kigikuyu juu ya karatasi za chooni. Zilikuwa karatasi ngumu, mateso kwa mwili wa mfungwa, lakini zilipokea wino vizuri. Tabu kubwa haikuwa karatasi. Alitaka kuwakejeli matajiri wa Kenya huru, na vituko vyao vilikuwa vimeshaipita kejeli yoyote. Mwandishi afanye nini pale ukweli wenyewe unapojitia chumvi?

Jibu alilipata kwenye ngano. Akayaita mazimwi ya Kigikuyu, yale yenye mdomo wa pili kisogoni, yanayonenepa kwa jasho la wengine; na kisa kizima akamkabidhi mpiga gicaandi, msanii wa jadi aimbaye mafumbo akitikisa kibuyu. Hapo riwaya ikapata pumzi. Askari jela waliunyakua mswada, ukarudishwa baada ya majuma kadhaa, na Desemba 1978 mwandishi akatoka kizuizini.

Abdulrazak Gurnah aliondoka Unguja akiwa kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, akarudi kwa mara ya kwanza mwaka 1984. Akiwa dirishani alimwona baba yake, sasa mzee, akienda msikitini. Akawaza: huyu alikuwa mtoto mdogo Waingereza walipokuwa wakijikita Zanzibar. Mtoto yule aliona nini? Kutoka kwenye swali hilo ikaja riwaya ya Paradise, iliyochapishwa 1994 na ambayo leo inasomwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Biashara ya bara, misafara na majeshi ya Wajerumani vyote vinapita machoni pa Yusuf, mvulana wa miaka 12 aliyetolewa rehani kwa deni la baba yake. Mwingine angeanza na magavana na mikataba.

Ndiyo maana ukurasa unaokataa hustahili kupewa msemaji mwingine kabla ya kuchanwa. Ugomvi wa mume na mke, akiusimulia mtoto aliyejificha uvunguni, ni hadithi moja. Akiusimulia mama mkwe, ataanzia kwenye mahari. Jirani wa ukuta wa pili amesikia nusu tu, na nusu nyingine ataijaza mwenyewe. Msimulizi huyu anajua nini? Anaficha nini? Anamwambia nani? Maswali haya hayafungui kila mlango, lakini humrudisha mtunzi kazini, na kazi ndiyo inayoamsha ubunifu.

Ile riwaya ya Ngũgĩ ya gerezani ilitoka mwaka 1980 kwa jina la Caitaani Mũtharabainĩ, ikapata wasomaji ambao pengine hata yeye hakuwatarajia. Familia zilikusanyika jioni kusikiliza mmoja wao akisoma. Kwenye baa, msomaji alisoma kwa sauti huku akinywa, na glasi ilipokauka penye utamu wa kisa, alikiweka kitabu chini mpaka wasikilizaji walipomwagizia bia nyingine.