Tazama Saa Kabla ya Kitenzi: Kupima Njeo katika Sentensi za Kiingereza

Mpe mtu yeyote aliyemaliza sekondari sentensi "I did not went", ataicheka na kuinyoosha papo hapo. Kosa la aina hiyo sikio linalikataa lenyewe. Sasa mpe sentensi hii: "Shaaban Robert has written many poems." Kuna uwezekano mkubwa akairudisha bila alama. Kitenzi kisaidizi kipo, umbo la kitenzi kikuu ni sahihi, na hata programu ya kukagua sarufi inaweza kuipitisha. Hata hivyo sentensi ina kosa, kwa sababu Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. "Has written" inamtaka mtu ambaye hesabu ya kazi zake bado iko wazi, anayeweza kuongeza nyingine kesho. Kwa marehemu tunaandika "wrote". "Abdulrazak Gurnah has written many novels" inapita bila shida, maana mwandishi huyo yu hai. Lakini ukiandika "Gurnah has won the Nobel Prize in 2021" umeharibu tena, na safari hii kilichoharibu ni mwaka. Ukishataja tarehe iliyokwisha kupita, Kiingereza kinadai "won".

Kwa hiyo anayetaka kujua kama sentensi ya Kiingereza imenyooka, au kama aliyemsahihishia alijua anachofanya, asianzie kwenye kitenzi. Aanze na maneno ya wakati: "yesterday", "since", "already", "when", "by". Kisha aangalie vitenzi jirani. Kitenzi chenyewe kije mwisho. Wahariri wazuri wanafanya hivyo kwa mazoea, na ndiyo maana kalamu yao inasimama mahali ambapo wengine hawaoni kitu.

Mwanafalsafa Hans Reichenbach aliliweka jambo hili vizuri katika kitabu chake Elements of Symbolic Logic cha mwaka 1947. Alisema njeo inahusisha nyakati tatu: wakati wa kusema, wakati wa tukio, na wakati ambao msemaji anautumia kama kituo cha kulitazamia tukio hilo. Huo wa tatu ndio unaowashinda wengi. "Left", "has left" na "had left" zote zinasema mtu aliondoka kabla ya sasa. Kwa "left" tunatazama kule kuondoka, mahali pake katika jana. Kwa "has left" tumesimama leo na tunaona kiti kitupu. Kwa "had left" tumesimama katika saa nyingine iliyopita, tukageuka nyuma zaidi. Ukiweza kujibu swali la mwandishi amesimama wapi, umbo la kitenzi halitakusumbua sana.

Kwa sisi tunaofikiri kwa Kiswahili, makosa yana njia zake zinazojulikana. Kubwa ni "-me-". Tunasema "mtoto amelala" tukimaanisha kwamba yumo usingizini sasa hivi, na "amevaa kanzu" tukimaanisha kwamba kanzu iko mwilini. Mwandishi anayehamisha umbo hilo lilivyo anaandika "The child has slept", na Mwingereza anaelewa kwamba mtoto alishapata usingizi wake. Kilichotakiwa ni "The child is asleep". Vivyo hivyo "nimechoka" ni "I am tired", na "amekaa" mara nyingi ni "he is sitting". Msahihishaji anayejua Kiswahili ana faida hapa kuliko mgeni, kwa sababu anaona sentensi iliyokuwa kichwani kabla haijageuzwa.

Kisha kuna "tangu". "Ninaishi hapa tangu 2015" haina kasoro kwa Kiswahili, ila "I am living here since 2015" ina kasoro, maana "since" inavuta mstari kutoka zamani hadi sasa na inataka "I have lived" au "I have been living". Na kuna "-nge-", inayokaa pande zote mbili: "ningekuwa na pesa, ningenunua shamba." Ndipo inapozaliwa "If I would have money, I would buy a farm". Kiingereza kinaandika "If I had money", na hiyo "had" haisemi lolote kuhusu jana. Umbo la wakati uliopita limeazimwa ili kuonyesha kwamba pesa hazipo. Ukimsikia mtu anafundisha kwamba "had" daima ni mambo yaliyopita, tafuta mwalimu mwingine.

Kipimo changu ninachokipenda kwa msahihishaji ni "when" na "will". Karibu kila mtu amefundishwa kwamba "When he will come, I will tell him" ni kosa, na ni kweli: iwe "When he comes". Aliyekariri kanuni bila kuielewa ataifuta "will" kila anapoiona baada ya "when", na ataiharibu sentensi safi kama "I don't know when he will come". Katika ya kwanza "when" inaweka wakati wa jambo jingine. Katika ya pili ni swali lililofichwa ndani ya sentensi. Anayeiacha hii ya pili salama anajua kazi.

Tuchukue kipande cha ripoti ya kazini, cha aina inayoandikwa kila siku katika ofisi zetu:

"On Monday the driver has reached Morogoro at 6 p.m. He checked the tyres and finds that one is flat. He calls the office, but the manager already left. The driver is working for us since 2015 and did not had any accident."

"On Monday" na "6 p.m." zimeshafunga saa, kwa hiyo "has reached" inakuwa "reached". "Checked" imetuweka katika Jumatatu ile, halafu "finds", "is" na "calls" zinaturusha leo bila sababu. Nadhani "-ka-" imechangia: "akakagua, akakuta, akapiga simu." Kiambishi hicho hakibebi saa yake, kinaning'inia kwenye kitenzi cha kwanza na kuendelea. Kwa Kiingereza kila kitenzi kinabeba mzigo wake: "found", "was", "called". Inayofuata ni "already left". Meneja aliondoka kabla ya simu, na simu yenyewe imeshapita, kwa hiyo tunageuka nyuma mara mbili: "had already left". Hili ni eneo mojawapo la kipande hiki ambalo njeo ikikosewa inaweza kuleta ugomvi, maana ripoti isiyosema nani alitangulia inaweza kumtia meneja au dereva matatani.

Sentensi ya mwisho ndiyo tamu. Wengi watatoa "has worked for us since 2015 and has not had any accident", na watakuwa sahihi, ikiwa dereva bado yuko kazini. Kama aliacha kazi wiki mbili baadaye, sentensi hiyo inadanganya, na tunapaswa kuandika "had worked" na "had not had". Karatasi haituambii. Msahihishaji wa kweli hapo anaweka kalamu chini na kumuuliza aliyeandika: "Ndugu, huyu dereva bado mnaye?" Anayesahihisha bila kuuliza ametunga habari.

Ubora wa usahihishaji unaonekana pia katika yale yaliyoachwa. Vichwa vya habari vya magazeti ya Kiingereza hutumia wakati uliopo kwa mambo ya jana, na hakuna wa kuvinyoosha. Mwanafunzi anayeichambua tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, anaandika "Brutus stabs Caesar", kwa kuwa ndani ya tamthilia jambo hilo hutokea kila inapofunguliwa. Akihamia kwenye somo la historia ataandika "stabbed", kwa kuwa mauaji yale yalikuwa mwaka 44 kabla ya Kristo. Akimtaja Mwalimu Nyerere, aliyeitafsiri tamthilia hiyo kwa Kiswahili miaka ya 1960, anahitaji "translated". Aya moja inaweza kubeba saa hizo zote tatu bila kosa lolote, na mtu mwenye haraka ya kusawazisha ataibomoa.

"He said he is sick" nayo haistahili wino mwekundu mara moja. Kama bado anaumwa leo, inaruhusiwa; kama ni mambo ya mwaka jana, "was". Na "I already ate" ni Kiingereza cha kawaida Marekani, ingawa Mwingereza ambaye wengi wetu tulisoma Kiingereza chake darasani angependa "I've already eaten". Angalia msomaji ni nani kabla ya kugusa.

Kuna dalili moja ya kalamu dhaifu ambayo naiona kila mara: "had" zilizomwagwa kama pambo. "Yesterday I had gone to town and I had met my uncle." Hakuna saa ya pili ya kugeukia, basi "went" na "met" zinatosha. Baadhi ya waandishi wanaamini "had" inaipa sentensi heshima ya kiofisi. Haiipi. Hata katika masimulizi marefu, "had" moja au mbili mwanzoni mwa kumbukumbu zinamweka msomaji mahali pake, kisha wakati uliopita wa kawaida unaendelea na kazi.

Chukua barua yako ya mwisho uliyoiandika kwa Kiingereza, uzungushie duara maneno yote ya wakati kabla hujagusa kitenzi hata kimoja. Penye duara na kitenzi visivyopatana, anzia hapo.