Muvi ya Pili ya The Simpsons: Na Vyombo Vyao Je?

Mwaka 2008 nilikaa kwenye benchi la kibanda umiza pale Lusahunga, wilayani Biharamulo, nikisubiri gari la kunirudisha kwetu Ngara. Kiingilio shilingi 200. Anayeijua Lusahunga anajua: ni njia panda, malori ya kwenda Rusumo na Kabanga yanapumzika hapo, madereva wanakula na kulala, na anayesubiri usafiri anasubiri kweli kweli. Tulitegemea muvi ya ngumi. Mwenye kibanda akaweka katuni.

Watu wakaguna. "Aa, bwana, mambo ya watoto haya!" Lakini DJ wa kutafsiri, kijana wa pale pale aliyekulia kwenye sauti ya Lufufu, akashika maiki akasema huyu mnene mnayemwona anaitwa Mzee Homa, na kweli ni homa ya mji mzima. Kibanda kikaangua kicheko. Hakuna aliyetoka.

Ile ilikuwa The Simpsons Movie, iliyotoka 2007. Sasa Disney, walioinunua Fox mwaka 2019, wametangaza sehemu ya pili itakayotoka 2027, miaka 20 baada ya ile ya kwanza. Wadau wanauliza: inahitajika? Jibu langu ni hapana, ila kwa sharti moja.

Kwa asiyewajua: The Simpsons ni tamthilia ya katuni ya kuchekesha iliyoanza Desemba 17, 1989, na hadi leo inaendelea, episodi zimeshapita 750. Baba Homer anafanya kazi kwenye mtambo wa umeme wa nyuklia, mama Marge anaishikilia nyumba, watoto ni Bart, Lisa na kichanga Maggie. Bart ana miaka 10, yuko darasa la nne. Tangu 1989 yuko darasa la nne! Mpwa wangu alianza kumwangalia naye akiwa darasa la nne. Mpwa amemaliza kidato cha nne, anaendesha bodaboda Biharamulo mjini, na juzi kaniuliza, "Mjomba, hivi huyu dogo bado hajafaulu tu?"

Wengi wanaopinga muvi mpya wanashika hapo hapo: tamthilia imezeeka, inajirudia, waifunge. Mimi sikubaliani nao. Kujirudia si kosa. Fisi wa hadithi zetu jana usiku aliungua, akapigwa, akabaki amenasa mtegoni. Leo usiku bibi akianza tena, Fisi ni mzima na ana njaa ile ile, na Sungura anamdanganya upya. Hakuna mtoto anayeuliza, "Bibi, si jana alikufa?" Abunuwasi naye hazeeki. Hadithi ya jioni ina makubaliano yake na msikilizaji: kila usiku tunaanza sifuri. The Simpsons ya kwenye televisheni ni hadithi ya jioni, na kwa kazi hiyo Bart anaweza kubaki darasa la nne hadi kiama.

Muvi ina makubaliano mengine. Unamwambia mtu alipe, akae saa moja na nusu, na humo ndani kitatokea kitu ambacho kesho hakifutiki. Muvi ya 2007 ililijua hilo, angalau kwa saa moja ya kwanza. Homer anamwaga kinyesi cha nguruwe wake ziwani, ziwa linachafuka, serikali inaufunika mji mzima kwa kuba kubwa la kioo. Wananchi wakigundua nani kawaponza, wanaivamia nyumba yake na mienge. Familia inaponyoka kwa shimo lililofunguka uani, nyumba inamezwa na ardhi, wanakimbilia Alaska. Kitu ambacho kwenye televisheni hakikuwahi kuguswa kikaguswa: wakawa watu wasio na kwao.

Sasa fikiria nani walikuwa wanaangalia. Sisi wa Ngara tunalijua daraja la Rusumo. Aprili 28 na 29, 1994, watu wapatao 250,000 walilivuka kutoka Rwanda ndani ya saa 24 hivi, na Benaco ikageuka mji wa maturubai. Nilikuwa mtoto, lakini godoro juu ya kichwa cha mtu silisahau. Desemba 1996 nikaona barabara ile ile imejaa tena, safari hii wakirudi. Kwa hiyo pale Lusahunga, nyumba ya Mzee Homa ilipozama na familia ikatoka na nguo zilizokuwa mwilini, kicheko kilipungua bila mtu kuamuru. Mama mmoja muuza vitumbua, aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni lake, akauliza kwa sauti, "Na vyombo vyao je?"

DJ alikuwa hodari. Hakucheka. Akamjibu kwenye maiki, "Vyombo wameviacha, mama." Muvi ikaendelea.

Lile swali la vyombo ndilo uhakiki bora wa muvi ile niliowahi kuusikia, na nimesoma mwingi. Kwa sababu tazama inavyoisha. Homer anaokoa mji, kuba linavunjika, wananchi wale wale waliotaka kumuua wanamjengea nyumba ile ile, mahali pale pale. Vizuri, steringi hafi, tunajua. Lakini baada ya hapo tamthilia ikarudi kwenye televisheni na hakuna aliyekumbuka kitu. Jirani aliyekuja na mwenge anasalimiwa kama kawaida. Mama wa vitumbua alitikisa kichwa. "Hata sufuria moja haijapotea?" akasema, akatoka kuuza.

Hapo ndipo ninaposimama. Hadithi isiyokumbuka haiwezi kuwa na sehemu ya pili. Inaweza kuwa na marudio tu, na marudio tunayapata kila wiki.

Sehemu ya pili ya kweli tunayo mfano wake karibu, ng'ambo ya ziwa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika kwa Kikerewe mwaka 1945 hadithi ya Myombekere na Bugonoka, mume na mke wanaohangaika kupata mtoto. Ilipochapwa kwa Kiswahili mwaka 1980 ilitoka katika vitabu viwili, na cha pili kinabeba majina ya Ntulanalwo na Bulihwali, watoto wao. Huwezi kuuliza kama kitabu cha pili kinahitajika. Cha kwanza kimekopa, cha pili kinalipa. Mtoto aliyeliliwa amezaliwa, lazima tumwone akikua. Linganisha na ule mchezo wetu wa Bongo wa kukata stori moja katikati ili ziuzwe CD mbili: ile si sehemu ya pili, ni mzani wa duka.

Utaniambia, "Punguza ukali, ni kichekesho." Lakini vichekesho vinaweza kukumbuka, na hawa hawa wameshafanya hivyo. Mwaka 2000 walimuua Maude, mke wa jirani Ned Flanders, na hakufufuka. Mwaka 2013 Marcia Wallace, aliyetia sauti ya mwalimu Edna Krabappel, alifariki, wakaamua mwalimu naye aondoke. Ned, aliyekuwa amemwoa Edna, amekuwa mgane mara mbili ndani ya katuni ya kuchekesha, na watu bado wanacheka. Kwa hiyo uwezo wanao.

Sharti langu ndilo hilo: muvi ya 2027 ikumbuke ile ya 2007. Si lazima Bart aote ndevu. Inatosha mtu mmoja wa Springfield ashindwe kumtazama Homer usoni kwa sababu ya usiku ule wa mienge. Inatosha Marge atafute kitu kabatini, akumbuke kilizama. Bila hivyo watakuwa wametuuzia Fisi wa jana kwa bei ya sinema.

Mwishoni mwa muvi ya kwanza, majina yakipita, kichanga Maggie anafungua kinywa na kutamka neno lake la kwanza: anauliza kama kutakuwa na sehemu ya pili. Kule Lusahunga hatukuliona, mwenye kibanda alishazima jenereta. Nililiona miaka baadaye kwenye kompyuta ya rafiki, nikacheka, halafu nikajiuliza mbona mtoto aliyepoteza nyumba anauliza habari za biashara.

Nitaitazama, sidanganyi. Nitamchukua na mpwa. Na nikiona sufuria moja tu imepungua jikoni kwa Marge, nitarudi hapa kukiri kwamba ilihitajika.