Mchawi Asiyelala: Udhaifu wa Nguvu Iliyopita Kiasi

Katika hadithi za Jack Vance zilizotoka mwaka 1950 kwa jina la The Dying Earth, mchawi haijui sihiri yake kama mvuvi aijuavyo bahari. Huketi na vitabu, akazisoma afsuni neno kwa neno, akazishindilia akilini kwa taabu. Na akishaitamka mojawapo, hiyo humtoka kabisa, isimbakie hata kivuli chake, mpaka arudi kitabuni akaisome upya. Mazirian, mmoja wa wachawi hao, pamoja na mazoezi yake yote aliweza kuhifadhi kwa wakati mmoja afsuni nne tu zilizo nzito, au sita zilizo nyepesi. Siku aliyotoka kumfukuza mwanamke mmoja msituni alichukua tano, na mbio hizo zote ni hesabu ya namna zinavyomwishia moja baada ya moja.

Ni shida mshairi kulisoma wazo hilo lisimguse: neno ambalo thamani yake yatokana na kwamba likisemwa hupotea. Gary Gygax alikiri kwamba alilichota kwa Vance, na likaingia katika mchezo alioutoa pamoja na Dave Arneson huko Marekani mwaka 1974, yaani Dungeons & Dragons. Kwa msomaji asiyeufahamu: watu huizunguka meza, mmoja akiwa msimamizi anayeisimulia dunia na hatari zake, na kila mmoja katika waliobaki akiwa na mhusika wake (askari, mwizi, kasisi, mchawi) ambaye humsemea na kumwamulia. Penye shaka hurushwa dadu. Hakuna mshindi. Ni hadithi inayotungwa na wengi papo kwa papo chini ya kanuni, na kanuni hizo zimeandikwa katika vitabu vinene.

Neno "mchawi" lataka tahadhari hapa. Huyu wa mchezo harogi jirani usiku wa manane wala hana chuki na mtoto wa mtu. Ni mwanachuoni, mtu wa wino na karatasi, na bila kitabu chake hana kitu. Kwa Kiswahili tungeweza kumwita sahiri, lakini mchawi ndilo neno litakaloeleweka mezani, basi na libaki.

Kuna wachezaji ambao raha yao kubwa haiko mezani bali kabla ya meza. Hukaa na vitabu vya kanuni, wakaoanisha ukurasa huu na ule, hadi wakapata mjengo wa mchawi asiyeshindika. Mijengo hiyo ina majina, ina historia, ina mashabiki. Sifa yake ni kwamba hufanya yote. Swali lililo hapa ni lile ambalo mashabiki hawaliulizi: mhusika anayefanya yote ana udhaifu gani?

Jibu la haraka ni mwili. Katika vitabu vya 1978 mchawi alipewa dadu ya pande 4 kwa uhai wake, hakuruhusiwa kuvaa deraya, na silaha zake zilikuwa kama kisu na fimbo. Afsuni nyingi zataka sauti, nyingine zataka ishara za mikono, nyingine zataka kitu mkononi; mzibe mdomo, mfunge mikono, mpokonye mkoba, naye ni mzee aliyevaa joho. Yote hayo ni kweli, lakini ni udhaifu wa mchawi yeyote, na mjenzi hodari huwa ameshauziba kabla hajafika mezani. Tusipoteze wino hapo.

La maana zaidi ni kwamba nguvu ya mchawi zamani ilikuwa na bei, na bei hiyo iliondolewa kidogo kidogo na watu wenye nia njema. Mwaka 1978 kila aina ya mhusika ilikuwa na ngazi yake: mwizi alipanda daraja la pili kwa nukta 1,251, mchawi kwa nukta 2,501. Akipigwa katikati ya kutamka, afsuni ilipotea. Toleo la tatu la mwaka 2000, lililoongozwa na Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams, liliwapa wahusika wote ngazi moja, nukta 1,000 kwa daraja la pili, na likampa mchawi nafasi ya kurusha dadu ili atamke kwa usalama hata adui akiwa ubavuni. Ilikuwa rahisi kufundisha na ilionekana kuwa haki. Walakini askari aliendelea kukua kwa kujumlisha ilhali mchawi alikua kwa kuzidisha: kila daraja lilimwongezea afsuni mpya, likaziongezea nguvu za zamani, likamwongezea na idadi ya kuzitumia. Wachezaji wenyewe walisema askari hupanda kwa mstari mnyoofu na mchawi kwa kipeo cha pili. Kufika daraja la kumi na tano, askari alikuwa mbeba mizigo mwenye upanga mzuri.

Kutokana na rutuba hiyo, na kitabu cha nyongeza cha 2004 kiitwacho Serpent Kingdoms, alizaliwa Pun-Pun, kijitu duni cha jamii ya kobold ambacho, kwa kuiazima nguvu ya kiumbe mmoja anayeweza kubadili maumbile ya wengine, kilijipa kila uwezo ulioandikwa bila ukomo. Mashabiki wake wenyewe walisema hakukusudiwa kuchezwa. Hapo walisema zaidi ya walivyodhani. Mhusika asiyeweza kuchezwa ni hoja, na hoja hata ikiwa nzuri haina siku wala jirani.

Mfano ulio mzuri zaidi ni wa toleo la tano, la mwaka 2014. Wachezaji humwita coffeelock, mchawi wa kahawa, na wasomaji wa pwani, ambao wamekunywa vikombe vingi barazani bila kupata uwezo wowote wa ajabu, wana haki ya kutabasamu. Hujengwa kwa kuunganisha aina mbili za wachawi. Wa kwanza ni yule aliyefunga mkataba na kiumbe mwenye nguvu: ana nafasi chache za afsuni, lakini humrudia kila akipumzika saa moja. Wa pili ni yule aliyezaliwa na sihiri damuni: anaweza kuzivunja nafasi zake zikawa nukta, na kwa nukta hizo akatengeneza nafasi mpya. Kanuni yasema nafasi hizo za kutengenezwa hutoweka mtu amalizapo mapumziko marefu, yale ya saa nane. Mjenzi akauliza: na asipopumzika hayo marefu? Akae saa moja, avunje, atengeneze. Akae saa nyingine, avunje, atengeneze. Kwa siku chache atakuwa na ghala la afsuni ambalo hakuna mwandishi wa kanuni aliyelikusudia. Halali kamwe. Ndiyo maana ya kahawa.

Mwaka 2017 kikatoka kitabu cha Xanathar's Guide to Everything, na ndani yake kanuni ya hiari: anayekaa saa 24 bila mapumziko marefu hurusha dadu kupima ustahimilivu wake dhidi ya kipimo cha 10, akishindwa hupata daraja moja la uchovu, na kipimo hupanda kwa 5 kila saa 24 zinazofuata. Madaraja sita ya uchovu ni mauti. Mlango umefungwa, mtu angedhani. Lakini kitabu hichohicho kilimpa mchawi wa mkataba zawadi ya kutohitaji usingizi tena. Basi mabishano yakaanza: je, asiyehitaji kulala ahitaji kupumzika?

Mfasiri yeyote angelipenda swali hili. Usingizi si mapumziko; mtu hupumzika macho, na mtu huamka amechoka. Maelezo ya zawadi ile yasema kwamba mwenye nayo, akitaka manufaa ya mapumziko marefu, aweza kuzitumia saa nane zote katika shughuli nyepesi kama kusoma au kukesha lindo. Kwa hiyo mapumziko bado yapo, na bado yanahitajiwa. Kilichoondolewa ni kufumba macho tu. Mjenzi anayesoma "halali" kisha akafahamu "hachoki" amesoma neno moja na kuacha sentensi. Na hapa ndipo udhaifu wa kwanza wa kweli wa mijengo hii unapoonekana: haisimami juu ya nguvu bali juu ya ufahamu fulani wa maandishi, aghalabu mahali ambapo vitabu viwili vilivyoandikwa kwa nyakati mbalimbali vimekutana bila kujuana. Msimamizi akisoma ibara hiyo kwa namna nyingine, na mara nyingi namna nyingine ndiyo iliyo sawa, jengo zima huporomoka kabla dadu haijarushwa. Askari mwenye upanga hana hofu hiyo. Hakuna anayebishana juu ya maana ya upanga.

Vivyo hivyo kwa mnyororo wa nakala. Ilikuwapo afsuni ya kumfinyanga mtu wa theluji au barafu anayefanana na mwenyewe, kwa saa kumi na mbili na unga wa yakuti wa thamani kubwa. Na ilikuwapo afsuni ya kuomba lolote, ambayo huweza kuiga afsuni nyingine bila gharama wala kusubiri. Nakala akaomba nakala, naye akaomba nakala, hadi jeshi. Vitabu vipya vya 2024 vilimkataza nakala kuitamka afsuni iliyomzaa. Sentensi moja ikatosha.

Udhaifu wa pili ni wakati. Mchawi wa kahawa ataka siku za kukaa bure, na hadithi inayoendelea haina siku hizo: mateka atauawa jioni, merikebu yang'oa nanga alfajiri. Tena, aliyejigawa baina ya aina mbili huchelewa. Mwenye madaraja matatu ya mkataba na matano ya damu bado yuko kwenye afsuni za kiwango cha tatu, ilhali mwenzake aliyeshika njia moja kwa madaraja manane ameshaingia cha nne. Anazo nyingi, lakini ndogo. Mnyororo wa nakala nao hauwezekani kabla ya daraja la kumi na saba, na makundi mengi huwa yameshatawanyika kwa safari, ndoa na kazi kabla ya hapo. Mjengo unaokomaa baada ya watu kuondoka mezani ni tunda la nani?

Hapa wasimamizi nao wana lawama yao. Kitabu cha msimamizi cha 2014 kilikisia mapambano sita hadi manane ya uzito wa kati au mkubwa kwa siku moja ya safari. Msimamizi anayeweka pambano moja tu kisha akawaacha walale amemruhusu mchawi amwage ghala lake lote kwa dakika tano, halafu hushangaa askari hakupata zamu. Mcheza bao anaifahamu hesabu hii bila kuandikiwa: nyumba iliyojaa kete inatisha kwa sababu bado haijasafirishwa. Refusha siku, mfanye asijue kama mlango huu ndio wa mwisho, naye atarudi kuwa Mazirian mwenye afsuni tano.

Kilicho kibaya ni dawa nyingine wanayoipenda wasimamizi: kumwekea mchawi adui wa kumbatilishia kila afsuni, au uwanja ambamo sihiri haifanyi kazi, kila wiki. Hiyo hugeuza hadithi kuwa shauri la watu wawili, huku watatu wakitazama kama mashahidi wasioitwa.

Na hao watatu ndio jambo lenyewe. Watu wameacha shughuli zao wakakutana kwa saa nne. Mlango umefungwa, mwizi aliyejifunza kufuli tangu daraja la kwanza ananyoosha mkono, na mchawi ameshaufungua kwa neno. Ukuta ni mrefu. Askari anaifunga kamba kiunoni, na mchawi ameshawarusha wote juu. Hajafanya kosa la kanuni hata moja. Amewaacha wenzake bila la kusema, katika mchezo ambao hauna kitu kingine ila kusema. Ni sawa na jibizano la mashairi ambamo mmoja anajibu kwa niaba ya kila mtu, kwa vina visivyo na kasoro.

Toleo la nne la mwaka 2008 lilijaribu kulitibu hilo kwa kuwapa askari na mchawi mpangilio mmoja wa uwezo. Usawa ulipatikana, na wengi wakalalamika kwamba wahusika wamekuwa na ladha moja. Malalamiko hayo hayakuwa ya bure. La tano lilifanya jambo dogo lililo bora zaidi, kanuni ya umakini: mchawi hawezi kuishikilia ila afsuni moja ya kudumu kwa wakati, na akijeruhiwa hurusha dadu asiipoteze, kipimo kikiwa 10 au nusu ya jeraha, lolote lililo kubwa. Kwa kanuni hiyo mchawi anamhitaji tena askari asimame mbele yake, na anapochagua afsuni moja anaiacha nyingine, kama shairi linavyoyaacha maneno mengi mazuri nje ya mizani.

Jibu la kijasiri zaidi limo katika Ars Magica ya mwaka 1987, mchezo uliowekwa katika Ulaya ya zama za kati, na mmoja wa watunzi wake wawili, pamoja na Mark Rein-Hagen, alikuwa Jonathan Tweet yuleyule aliyekuja kuongoza toleo la tatu miaka kumi na mitatu baadaye. Mchezo huo haudai kwamba mchawi ni sawa na askari. Wasema wazi kwamba amewazidi, kisha wampa kila mchezaji mchawi wake, na mwandani wake, na sehemu katika kundi la walinzi wa ngome. Leo wewe ni mchawi na wengine ni walinzi wako. Mkutano ujao mchawi ni wa mwingine, nawe umeshika mkuki langoni, unanyeshewa mvua, ukingoja kuambiwa uende wapi. Si kila mchezaji anayekubali zamu hiyo ya pili, na mjenzi wa mchawi wa kahawa ndiye wa kwanza kuikataa.