Pergola ya Uani na Hesabu ya Jua

Katika sakafu ya mbao iliyojengwa uani kwa jirani yetu hapa Mombasa, pamoja na pergola inayoifunika, jambo linalostahili kuchambuliwa kuliko unadhifu wa useremala ni kwamba hesabu ya jua iliitangulia hesabu ya mbao. Kwani aghalabu mwenye nyumba humletea fundi picha iliyotoka Ulaya, akataka iigwe kama ilivyo, pasi na kuzingatia kwamba jua la huko wakati wa adhuhuri hukaa upande wa kusini, ilhali letu, maadamu tuko nyuzi 4 tu kusini ya Ikweta, hupita karibu na utosi likitoka mashariki kwenda magharibi.

Lau mbao za juu zingelazwa kuelekea mashariki na magharibi, jua la Machi na la Septemba lingekwenda sambamba nazo mchana kutwa, likapenya baina yake bila kizuizi, na mali yote iliyotumika ikawa ya pambo. Fundi alizielekeza kaskazini na kusini, akazisimamisha kwa ubavu, kila moja kimo chake sentimita 15, na nafasi baina yake sentimita 15 vilevile. Hapo ndipo penye ustadi wenyewe. Jua huinama nyuzi 15 kwa kila saa, basi saa 3 baada ya kupita juu huwa limeinama nyuzi 45, na kwa kuwa kimo na nafasi ni sawasawa, mwale unaoponea ukingo wa juu wa ubao mmoja hukomea kwenye ukingo wa chini wa ubao wa pili; tangu hapo, yapata saa tisa na robo alasiri, hakuna mwale upitao moja kwa moja. Hata Juni, jua liegemeapo kaskazini, saa hiyo haibadiliki sana, kwa sababu huegemea kwa kufuata urefu wa mbao. Kuipunguza nafasi iwe nusu kungekileta kivuli mapema kwa saa moja na zaidi, walakini mbao zingekaribia kuongezeka maradufu, nami naona alipima vyema.

Jua la magharibi, hata hivyo, huingilia ubavuni, na paa halina hila nalo; ndiyo sababu upande huo ukapandwa mpesheni utambae.

Ya chini yalifanywa kwa hadhari ya kawaida: nguzo za mvule zimekaa juu ya vikalio vya chuma vilivyoshikwa na zege, zisiguse udongo wenye mchwa, na skurubu ni za chuma kisichoshika kutu, kwa ajili ya chumvi ya bahari. Kasoro ni moja, nayo si ndogo: sakafu imekaribia mno ardhi, hewa haipiti chini yake, na masika yataiozesha mihimili.

Basi mwenye nia ya kujenga, kabla hajaagiza ubao hata mmoja, na amwite fundi wake uani wakati wa alasiri, waipige kamba kutoka kaskazini hadi kusini, kisha ndipo wazungumze bei.