Mwindo na Moto wa Wafua Chuma

Siku hizi watu wenye masomo wanapenda kueleza hadisi za wakubwa kwa njia ya alkemia, ile elimu ya zamani iliyotaka kugeuza madini hafifu kuwa zahabu. Katika mwaka 1944 Carl Jung aliandika kwamba mafundi wale, walipochemsha madini, walikuwa wakionyesha bila kujua mageuzi ya roho yao wenyewe. Katika 1956 Mircea Eliade akaweka mufua chuma karibu na fundi wa alkemia: wote wawili, kwa moto, wanaharakisha kazi ambayo udongo unafanya polepole.

Mwaka uleule wa 1956, katika inchi ya Wanyanga upande wa Walikale, muzee Rureke alimusimulia Daniel Biebuyck hadisi ya Mwindo kwa siku 12. Biebuyck na Kahombo Mateene waliichapisha katika 1969. Basi tujaribu njia ile juu ya hadisi hii.

Mwanzo inafaa sana. Shemwindo anamukataa mutoto wake na kumutupa mutoni ndani ya ngoma. Mutoto anapona na kufika kwa wajomba wake, wafua chuma, nao wanamuvalisha chuma mwili muzima. Kiisha umeme unashuka na kuunguza Tubondo, muji wa baba yake. Fundi wa alkemia angesema: kazi imekwisha, madini yametakata.

Lakini hadisi haiishi pale. Mwindo mwenye chuma angali mwenye majivuno. Anaua Kirimu, na Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa umeme. Nkuba anamupandisha mbinguni. Kule hakuna tanuru wala nyundo: mvua, mwezi na jua vinamutesa, naye anakatazwa kuua nyama. Nyuma ya hayo tu anarudi kwa watu wake na kuwapa sheria za kukaa vema.

Hapa tunaona kosa la njia ile. Moto wa wafua chuma ulimupa Mwindo nguvu, haukumupa huruma. Fundi anawasha tanuru yake mwenyewe. Mwindo alipokea maonyo toka juu, pasipo kuyataka. Sisi wa Goma, tulioona moto wa Nyiragongo katika 1977, 2002 na 2021, tunajua kwamba moto peke yake hautakasi mutu. Nabii Malakia pia anasema juu ya moto unaosafisha feza, lakini kule Mungu ndiye anayekaa mbele ya tanuru.

Wengine, kwa kuwa Mwindo anafufua watu wa Tubondo, wanakimbilia kumuita mufano wa Kristu. Tusifanye hivi. Mwindo anahitaji kuonywa. Afazali tumulinganishe na mukatekumeni.

Ndugu wakatekista, mukisimulia hadisi hii kwa vijana, musikomee kwenye muji unaoungua. Katika Kivu yetu wengi wamejifunza kuvaa chuma. Wasikilize mupaka mwisho, fasi mufalme anaposhuka na sheria.