Si kila hasara ya mtandaoni ni udukuzi

NENO ‘udukuzi’ limetwikwa kazi nyingi mno siku hizi. Mama akipoteza pesa kwenye simu, gazeti husema amedukuliwa. Tovuti ya serikali ikikwama, imedukuliwa. Mheshimiwa akiandika matusi usiku na kuyajutia asubuhi, akaunti yake ilidukuliwa. Mfanyakazi wa ndani akiuza orodha ya wateja, kampuni imedukuliwa. Vitendo ni vinne, wahusika ni wa aina nne, lakini neno ni lilo hilo moja.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba tumelichosha neno hili, na uchovu wake una gharama. Mtu akiliweka mahali pasipo pake, lawama humwangukia asiyestahili, na wakati mwingine asiyestahili huyo hulala rumande. Isitoshe, watu wa mitaa ya Eastlands hapa Nairobi, ambao tumezoea kuwashutumu kwa kuharibu Kiswahili, wameonyesha umakini zaidi kuliko sisi tunaoandika Kiswahili sanifu.

Tuanze na neno lenyewe. Kudukua linasikika kama jamaa ya kudukiza, yaani kusikiliza kwa siri mazungumzo ya watu wengine. Mdukizi ni yule anayebana sikio ukutani. Picha hiyo inafaa sana kwa mtu anayeingia katika kompyuta ya mwenzake bila idhini: anaingia asikoalikwa, anafanya hivyo kimyakimya, na mwenye nyumba hana habari. Basi mahali ambapo hakuna aliyeingia popote, neno hilo lina kazi gani?

Kiingereza nacho kimepitia vurugu hizi. Neno ‘hacker’ lilipoanza kuvuma miongoni mwa wanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, halikuwa tusi. Lilimtaja mtu mwenye ustadi wa kuchezea mitambo na kuifanya itende mambo ambayo watengenezaji wake hawakuyawazia. Mwaka 1984 mwandishi Steven Levy alichapisha kitabu kizima akiwasifu watu hao kama mashujaa wa mapinduzi ya kompyuta. Baadaye vyombo vya habari vikalifanya neno hilo kuwa jina la mhalifu, na wataalamu wakabishana kwa miaka mingi wakitaka mhalifu apewe jina lake pekee. Sisi tulilitafsiri wakati maana ya uhalifu ilikuwa imeshashinda. Ile maana ya kwanza tuliiacha bandarini, ingawa Kiswahili kilikuwa na neno lake tayari. Mtoto anayefungua redio ya babake ili aone sauti inatoka wapi, sisi humwita mtundu. Utundu una ukorofi kidogo na ubunifu mwingi, na mafundi wa Kamukunji na Kariobangi wameishi kwao miaka yote.

Sasa tutazame matukio. Mwishoni mwa Julai 2023, jukwaa la eCitizen lilizorota kwa siku kadhaa. Serikali ilikuwa imetangaza majuma machache tu awali kwamba huduma zaidi ya 5,000 zingepatikana humo. Watu walishindwa kuomba pasipoti, na wengine wakakwama kununua umeme au tiketi za treni. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Waziri wa Mawasiliano wakati huo, Eliud Owalo, alieleza kwamba hakuna data iliyopotea, na kwamba waliofanya hivyo walijaribu kuusonga mfumo kwa kuutumia maombi mengi kupita kiasi.

Vichwa vya habari, hata hivyo, vilirukia udukuzi. Lakini katika saiba za Umoja na Donholm, maduka yale madogo ambamo wakazi hujaziwa fomu za kodi na kuchapishiwa vyeti, mabishano yalikuwa ya kina zaidi. Mmoja alisema, “Wamehaki.” Mwingine akapinga, “Hapana, imejam tu.” Mkazi wa Eastlands hahitaji shahada ya kompyuta ili aelewe tofauti hiyo. Jogoo Road ikijaa magari saa kumi na mbili asubuhi, hakuna aliyevunja nyumba ya mtu. Barabara ipo, nyumba ziko salama, ila hakuna anayepita. Na hata kama kuna aliyeyaleta magari hayo kwa makusudi ili kuikomoa jiji, kosa lake ni kuziba njia. Tofauti hii si ndogo. Aliyeambiwa kwamba eCitizen ilidukuliwa alibaki na hofu kuwa nambari ya kitambulisho chake iko mikononi mwa wageni. Aliyeambiwa kwamba ilisongwa alijua cha kufanya ni kungoja.

Tukio la pili lina uzito zaidi. Mnamo Mei 30, 2025, mtaalamu wa programu Rose Njeri alikamatwa jijini Nairobi. Alikuwa ameunda tovuti iliyomwezesha raia kutuma barua pepe bungeni kueleza anachokipinga katika Mswada wa Fedha wa 2025. Alizuiliwa wikendi nzima ya Madaraka Dei, akafikishwa katika mahakama ya Milimani Juni 3, na kushtakiwa kwa kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini. Juni 20 mahakama ilitupilia mbali kesi hiyo, ikisema shtaka halikuonyesha kosa lolote linalojulikana kisheria.

Alichokifanya Njeri ni kurahisisha kazi ambayo Katiba inamruhusu raia kuifanya, yaani kushiriki katika utungaji wa sheria. Hakufungua mlango wa mtu. Sanduku la barua lilikuwa la umma na limetangazwa kuwa la kupokea maoni. Huo ndio utundu niliousema hapo juu. Lakini siku zile, kila aliyemwita mdukuzi kwenye taarifa au kwenye mabishano ya matatu alikuwa, pengine bila kujua, ameshatoa hukumu kabla ya hakimu. Neno lilitangulia ushahidi.

Hapa pana jambo linalonikera kama mwanalugha. Sheria yenyewe, kinyume na Kiswahili chetu cha magazetini, inatofautisha. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 inaweka kuingia bila idhini katika kifungu cha 14 na kuvuruga mfumo katika kifungu cha 16. Ulaghai wa kompyuta uko katika cha 26, kujifanya mtu mwingine katika cha 29, na kumhadaa mtu ili atoe siri zake katika cha 30. Unaweza kuipinga sheria hiyo, na wengi wameipinga mahakamani, lakini huwezi kusema imechanganya vitendo hivyo. Sisi tunaotafsiri ndio tunaovimwaga vyote katika chungu kimoja.

Tuje sasa kwa kosa linalowaumiza watu wengi zaidi mitaani. Simu inalia Kayole. Mpigaji, kwa sauti ya upole, anajitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja, anasema laini itafungwa, anaomba nambari iliyoingia kwenye ujumbe. Mama anaisoma. Dakika chache baadaye akiba yake ya chama imekwenda. Kesho yake watu wanasema simu yake ilidukuliwa. Vijana wa mtaani wanasema kwa usahihi zaidi: “Mathe amechezwa.” Kiswahili sanifu kina maneno yanayolingana na hilo: ametapeliwa, amelaghaiwa, amehadaiwa. Hakuna mashine iliyovunjwa. Kilichovunjwa ni imani ya binadamu, na dawa yake ni elimu pamoja na taratibu bora za kampuni, wala si programu ya kuua virusi.

Na elimu hiyo nayo ina kizingiti cha lugha. Mkenya ana PIN mbili. Kuna PIN ya KRA, ambayo humpa mwajiri, benki na hata kijana wa saiba bila wasiwasi. Kisha kuna PIN ya M-Pesa, ambayo hafai kumpa hata mwenzi wake wa ndoa. Vitu viwili vyenye amri zinazopingana vimepewa jina moja. Ukimwambia mzee wa Jericho “usimpe mtu PIN yako”, naye jana aliambiwa “leta PIN yako”, nani kamchanganya? Kiswahili kilikuwa na suluhisho: ‘nambari ya siri’ kwa ile ya pesa. Jina hilo limebeba onyo lake ndani yake. Tulipoliacha na kusema PIN kwa kila kitu, tuliliacha pamoja na onyo hilo.

Lakini uhakiki wangu haukomei kwenye nomino. Tazama vitenzi. Mtu maskini akitapeliwa, tunatumia kauli ya kutenda: “alitoa nambari yake ya siri.” Yeye ndiye mtendaji, kwa hivyo yeye ndiye mkosaji. Kampuni kubwa ikishindwa kulinda taarifa za wateja, tunachagua kitenzi kisichohitaji mtendaji: “data zimevuja”, kama maji kwenye paa bovu. Mfumo ukikosa kufanya kazi, “sistimu iko chini”, kana kwamba imechoka ikajilaza. Na kampuni ikibanwa zaidi, hukimbilia kauli ya kutendwa: “tumedukuliwa.” Mwenye mlango wazi anageuka kuwa mhasiriwa.

Jaribu kubadilisha kitenzi kimoja tu uone. Badala ya “data zimevuja”, andika “data zimevujishwa”. Papo hapo msomaji anauliza: na nani? Swali hilo ndilo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka liulizwe. Inamtaka anayehifadhi data za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua kwamba zimefikiwa bila idhini na kuna hatari ya madhara. Sheria inamtafuta mtendaji, nayo sarufi yetu inamficha.

Najua atatokea wa kuniambia kwamba lugha ni ya watu na maneno hupanuka. Ni kweli. ‘Mtandao’ limepanuka hadi kubeba intaneti na huduma za simu, na hakuna aliyeumia. Lakini mtandao ni jina la kitu. Udukuzi ni shutuma, na maneno ya shutuma yanahitaji mipaka. Wahenga wa lugha hii walilijua hilo. Angalia jinsi tulivyo matajiri katika wizi wa kawaida: kuiba, kupora, kukwapua, kunyang’anya, kughushi, kutapeli, na hata kudokoa nyama jikoni. Hakuna hakimu anayempa aliyedokoa adhabu ya aliyepora kwa bunduki, na hakuna mwandishi anayeyachanganya maneno hayo. Kwa nini basi tukifika kwenye kompyuta tunakuwa maskini ghafla?

Wengine watasema hatuna istilahi. Nadhani tunazo, ila tunavivia kuzitumia. Aliyeingia kwenye mfumo bila ruhusa, amedukua. Aliyeujaza maombi hadi ukakwama, ameusonga. Aliyempigia mtu simu akamhadaa, ametapeli. Aliyejifanya mwenye laini akapewa nyingine kwa jina lake, ameghushi utambulisho. Aliyekuwa na ufunguo kazini akauza orodha, amevujisha. Na aliyeunda kifaa kipya kwa kuunganisha vitu ambavyo tayari viko wazi kwa umma, huyo ni mtundu, naye anastahili pongezi au, angalau, kuachwa alale nyumbani kwake. Hakuna hata neno moja hapo lililohitaji kamati ya istilahi.

Wahariri wanaweza kuanza leo kwa kujiuliza maswali mawili kabla ya kuandika ‘udukuzi’: je, kuna aliyeingia? Na je, aliingia bila idhini? Jibu likiwa hapana kwa mojawapo, neno hilo lisichapishwe.

Wenye jukumu zito kuliko wahariri ni wakalimani wa mahakama. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka kwa undani wa kutosha kumwezesha kulijibu, na kwa lugha anayoielewa. Katika mahakama ya Makadara, kijana wa Dandora husomewa shtaka lililoandikwa kwa Kiingereza, kisha huelezwa kwa Kiswahili. Akiambiwa tu kwamba ameshtakiwa kwa udukuzi, hajaelezwa kama anadaiwa kuingia, kuvuruga, kulaghai au kujifanya mtu mwingine. Naye anatakiwa kujibu papo hapo: ni kweli, au si kweli?