Kabla Hujapigilia: Kuchagua Vyuma na Kamba za Dau Dogo

Mtu anayejiundia dau nyumbani huweza kuzunguka mwezi mzima akitafuta mti wa mataruma, kisha akanunua misumari, kamba na bolti katika duka la vifaa vya ujenzi alasiri moja tu. Haraka hiyo ndiyo inayoangusha vyombo vizuri. Vifaa vya bei nafuu si vibaya, mradi mnunuzi ajue kuvikagua.

Tuanze na msumari. Dukani ipo misumari ya zinki ya aina mbili. Mmoja ni laini na unang'aa. Huo umepakwa kwa umeme, na zinki yake huwa mikroni 5 hadi 12 tu. Mwingine ni wa kijivu kilichofifia, una vijibonge, kwa kuwa ulichovywa katika zinki iliyoyeyushwa, na tabaka lake ni nene mara kadhaa. Chukua huo mbaya wa sura. Ukipigiliwa, tundu litangulie kutobolewa kwa keke, kichwa kizungushiwe pamba, na ncha ikunjwe juu ya taruma kwa kukata nyuzi za mti, si kuzifuata. Ukitaka kupima kazi ya fundi, usihangaike na rangi ya nje. Ingia ndani ya chombo, pitisha kidole juu ya mataruma: ncha zilizolala sawasawa na kuzama kidogo ni dalili ya mkono mzuri.

Chuma kisichoshika kutu kina heshima kuliko inavyostahili. Sumaku ikikivuta kwa nguvu, kiache dukani. Hata kile bora kinahitaji hewa. Kikizikwa ndani ya ubao uliolowa chini ya usawa wa maji, huliwa kwa siri. Kitumie juu. Skrubu za shaba ya njano nazo hupoteza zinki baharini, zikageuka nyekundu hafifu na kukatika kwa urahisi. Shaba na chuma visikae pamoja penye chumvi, maana chuma ndicho kitakacholiwa.

Kwenye kapi usikubali mzaha. Kapi la kisimani ni rahisi na linazunguka vizuri, lakini mara nyingi kuna mwanya kati ya gurudumu na shavu lake. Kamba ikitumbukia humo, henza inanasa, na tanga haliteremki wakati upepo umechafuka. Jaribu kwa kamba utakayoitumia hasa: ivute kwa pembe, itikise, uone kama inatoka mferejini. Binafsi napendelea kapi la mti mgumu lililochongwa na fundi, lenye kingo zilizolainishwa.

Kamba ipime kwa ndoo ya maji. Inayoelea ni plastiki nyepesi, na jua huila. Ikunje uisugue, na ikitoa unga, imekwisha. Nailoni huzama na kuvutika, kwa hiyo inafaa nanga, haifai henza.

Nanga ya nondo iliyochomelewa mtaani inatosha penye mawe, kwa sababu mikono yake hunyooka inapokwama ukaivuta ikatoka. Penye tope haishiki. Kagua tu kama chomeleo limezunguka nondo nzima.

Rumada za usukani zisitokane na bawaba za lango, ambazo pini zake ni nyembamba. Ziwe mbili, zimeachana vya kutosha na zimekaa katika mstari mmoja. Shika kana utikise: ukisikia kugonga chombo kikiwa bado kipya, baada ya msimu mmoja wa kusi pini itakuwa imelika.

Fedha ikiwa haba, vigingi vya kufungia kamba chonga mwenyewe kwa mbao zilizobaki, na kapi mwombe fundi seremala. Kwenye misumari usipunguze hata shilingi, kwani kapi bovu hubadilishwa ufukweni kwa saa moja, lakini msumari mbovu hautoki bila kuharibu ubao.